Mto hausafishwi kwa ufagio tu

Leo nataka kukosoa jambo ambalo wengi wetu tunalipigia makofi: namna tunavyopanga usafi wa mito katika miji yetu. Sipingi salongo. Napinga kazi iliyogeuzwa kichwa chini: kwanza ufagio, halafu miti na picha, na bomba linalomwaga uchafu linawekwa mwisho, ao halitajwi kabisa.

Tuangalie hapa kwetu Likasi. Mayi ya Panda na Buluo yanateremka Lufira, halafu yanatulia katika ziwa Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930. Usine ya Shituru ilianza kazi karibu wakati ule ule, 1929. Kwa hiyo ziwa limekuwa likipokea mabaki ya mji kwa karibu miaka mia. Mwaka 2010 jarida la Tropicultura lilichapisha utafiti uliopima shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu, urani na aseniki katika bonde la Lufira ya juu, hadi ndani ya viumbe ambavyo watu wanakula. Bonde hilo hilo njo liliandikwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2017, na Lufira ni hifadhi ya biosfera ya UNESCO tangu 1982. Majina ya heshima tunayo. Wavuvi wa ziwa wanangojea mayi.

Hapo njo kosoo langu la kwanza. Chupa na mifuko tunayookota siku ya salongo inaonekana. Shaba na kobalti zilizoyeyuka hazionekani. Mto unaweza kupendeza kwa macho na samaki wake wakabaki na metali mwilini. Mradi ambao hauna hata kipimo kimoja cha pH, kabla ya kazi na baada yake, utajuaje kama umefaulu? Ukihesabu mifuko ya taka, unahesabu jasho letu tu.

La pili ni matete. Mara nyingi kundi la usafi likifika na mapanga linafyeka matete na mafunjo yote ili mto “uonekane”. Mwenye kusoma bulongo anajua kwamba matete yanapunguza mbio za mayi, tope lenye metali linatua kwenye mizizi, na lile tope lisilo na hewa linashika shaba. Ukifyeka na kuchimba bila kupima, unaiamsha sumu iliyolala na kuitumia watu wa chini. Kuzibua mfereji wa mvua kati ya nyumba ni jambo lingine. Hapo fyeka, sina neno.

La tatu ni miti. Wenzetu wa pwani walishapata somo hilo. Katika hori ya Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara, ukafunika mizizi ya kupumulia ya mikoko, na mikoko mingi ikafa. Ukipanda miche pale na udongo bado unashuka, utapanda tena mwaka kesho. Dar es Salaam, kabla ya mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia kwa bonde la Msimbazi mwaka 2022, walikaa mwaka 2018 kuchora mpango pamoja, wakiangalia mto wote: kutoka vilima vya Pugu, udongo unapotoka, hadi mikoko ya mdomoni karibu na Daraja la Selander. Kuhama kwa watu wa bondeni ni jambo chungu, na siusifu mradi ule kwa kila kitu. Lakini waliuliza kwanza uchafu na udongo vinatoka wapi.

Hatuhitaji kwenda mbali. Lubumbashi, pale Penga Penga, moshi wa kiwanda uliacha bulongo uchi. Wataalamu wa agronomia wa UNILU walijaribu kwa mpangilio: chokaa na mboji kwanza, halafu majani yanayovumilia shaba, kama Microchloa kunthii. Majani hayo hayaondoi shaba. Yanaifunga pale pale, na yanazuia vumbi na mmomonyoko. Lakini mche uliochomekwa siku ya picha katika bulongo wenye asidi, bila chokaa, utakauka kabla ripoti haijasomwa.

Na chokaa tunaikalia. Wanajiolojia wameita jiwe letu “kalkere ya Kakontwe”, kwa jina la mtaa wetu. Likisagwa na kutiwa katika bulongo wenye asidi, linapandisha pH na shaba inapunguza kuyeyuka. Halitibu kila kitu: kobalti inataka pH ya juu zaidi, na aseniki ina tabia yake. Ni kwa sababu hiyo tunahitaji maabara kabla ya jembe.

Sasa linaloniumiza zaidi. Miradi ya mto inapenda kuanza kwa kufukuza mama wa bustani. Ni kweli, mboga za majani zinanyonya metali, na sitaki mtoto yeyote ale lenga-lenga iliyomwagiliwa mayi ya usine. Lakini mama huyo hakuleta kobalti. Ukimfukuza bila kumpimia bulongo na bila kumwonyesha shamba lingine, atalima mita mia mbili mbele, katika bulongo ule ule. Tupime kila bustani. Penye metali kidogo, tutie chokaa na mboji, aendelee. Penye metali nyingi, apewe mahali pengine, na pale pabaki na matete.

Mtaniuliza: na franga? Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inapeleka asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa mji, komini ao sheferi ambako madini yanachimbwa. Kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na inaweka dhamana ya kurekebisha mahali ilipoharibu. Sheria ya mazingira ya 2011 nayo inasema anayechafua njo anayelipa. Basi kwa nini usafi uanze na jasho la wanafunzi? Na kulipa peke yake hakutoshi, bomba lazima lisimamiwe. Tarehe 18 Februari 2025, kule Chambishi, Zambia, bwawa la mabaki la Sino-Metals lilipasuka, asidi ikafika mto Kafue, na Kitwe ikakatiwa mayi ya bomba. Siku moja ilitosha.

Ombi langu ni kwa sisi tunaoitwa kuandika mipango na kusaini ripoti. Kabla ya kusaini tuulize matatu: Ni bomba gani linafungwa ao kusafishwa, na kwa tarehe gani? Nani anapima mayi, tope, samaki na mboga, na matokeo yatabandikwa wapi ili watu wa kartier wayasome? Mama wa bustani wanakwenda wapi? Kama majibu hayako, tufanye salongo kwenye mifereji, ni kazi ya heshima. Lakini tusiandike kwamba mto umepona.