Habari za Mzee Riggs na Mkewe, na Jinsi Zinavyosimuliwa

Nchi za Balkani si ngeni kwa msomaji wa Agano Jipya, hata kama jina lenyewe hajapata kulisikia. Filipi, Thesalonike, Beroya na Korintho, miji aliyoifikia Mtume Paulo baada ya kuvuka bahari kwenda Makedonia, yote imo katika nchi hizo. Ni nchi za milima mingi, kati ya bahari ya Adria na bahari Nyeusi, na kwa karne nyingi sehemu kubwa yake ilitawaliwa na Sultani wa Waturuki, aliyekaa Constantinople, mji ambao watu wa pwani yetu huuita Stambuli. Huko ndiko walikokwenda Elias Riggs na mkewe Martha, Wamarekani wawili, wakazeekea huko. Leo twataka kuyapima masimulizi yao. Hatusemi kuyapima maisha yao, maana hayo yana Mpimaji wake. Twasema masimulizi, yaani jinsi habari zao zinavyoandikwa na kusomwa, kwa kuwa twaona katika desturi hiyo uzuri mwingi na kasoro kubwa mbili.

Kwanza tuyataje mambo yenyewe kwa kifupi. Elias Riggs alizaliwa mwaka 1810 katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1832 alimwoa Martha Dalzell, na mwaka ule ule wakapanda merikebu. Walifika Athene mwaka 1833, wakati Wagiriki walipokuwa wamejikomboa karibuni tu katika mikono ya Waturuki. Mwaka uliofuata walihamia Argos, mji usio mbali na Korintho, wakafungua shule ya wasichana. Mwaka 1838 walivuka bahari kwenda Smirna, mji ule ule utajwao katika Ufunuo, ambao leo huitwa Izmir. Na mwaka 1853 wakahamia Constantinople. Katika miaka hiyo yote walirudi kwao Marekani mara moja tu, kuanzia mwaka 1856, na hata huko Riggs hakupumzika, bali alisimamia uchapaji wa Biblia ya Kiarmenia na kufundisha Kiebrania katika chuo cha wachungaji mjini New York. Kisha wakarudi. Martha alifariki mwaka 1887. Mumewe aliendelea na kazi hata Januari ya mwaka 1901, akafa Constantinople akiwa na umri wa miaka tisini.

Uzuri wa masimulizi haya hauhitaji kupigiwa mbiu. Yatufundisha saburi. Siku hizi mtu akipanda mbegu Jumatatu ataka kula mahindi Ijumaa. Lakini hawa wawili walijifunza lugha ya watu, wakakaa, wakangoja. Riggs alichapisha maelezo ya sarufi ya Kibulgaria mwaka 1844, na Biblia nzima katika lugha hiyo ikatoka mwaka 1871. Kati ya kitabu kile kidogo na kile kikubwa ilipita miaka ishirini na saba. Mwandishi atuonyeshaye jambo hilo ametutendea wema.

Walakini kasoro zipo, na ya kwanza yamhusu Martha. Katika masimulizi mengi mama huyu huonekana mara mbili: siku ya kuolewa na siku ya kufa. Kati ya siku hizo mbili ni miaka hamsini na mitano, na miaka hiyo yote mwandishi huiruka kama mtu arukaye mfereji. Twauliza: je, shule ya wasichana katika Argos iliendeshwa kwa kamusi ya mume peke yake? Watoto je? Edward, mwana wao, alikuwa mmisionari katika nchi ya Waturuki, na Margaret, binti yao, aliolewa na mmisionari akafanya kazi katika nchi hiyo hiyo. Watoto wa namna hii hawaoti kama uyoga. Nyumba iliyohama kutoka Athene hata Argos, kutoka Argos hata Smirna, kutoka Smirna hata Constantinople, ilikuwa na mtu aliyeifunga na kuifungua tena kila mara. Mwandishi asemaye, “Riggs alisafiri,” amesema nusu tu ya safari.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo yahusu Biblia ile ya mwaka 1871. Husimuliwa kwamba Riggs alijua lugha ishirini, na kwamba kumi na mbili katika hizo alizimiliki. Kisha husemwa, “Aliwapa Wabulgaria Biblia.” Msomaji wa kijijini asomapo maneno hayo huona picha ya mtu mmoja ameketi mezani peke yake, na taifa zima limesimama mlangoni likingoja kupewa. Picha hiyo si ya kweli, na yafaa tuonyeshe kwa nini.

Mezani pale waliketi wengi. Kabla ya Riggs kuishika kazi, mtawa mmoja wa Rila aitwaye Neofit alikuwa amekwisha kulitafsiri Agano Jipya, likachapwa Smirna mwaka 1840. Agano la Kale lilianzwa na Konstantin Fotinov, mwalimu wa shule katika Smirna, ambaye ndiye aliyewaanzishia Wabulgaria jarida lao la kwanza, katika miaka ya 1840. Fotinov alifariki mwaka 1858, kazi haijaisha. Akaitwa mwalimu mwingine, Hristodul Kostovich. Akaja pia Albert Long, Mmarekani wa Kimethodisti, aliyekuwa amekaa katika mji wa Tarnovo. Mwisho akaitwa Petko Slaveykov, mwalimu na mshairi, mzaliwa wa Tarnovo, mtu aliyekusanya methali za watu wake kwa maelfu. Hao ndio waliopima kila neno pamoja na Riggs.

Nao walipima nini? Hapa yatupasa kueleza kidogo, maana asiyeijua shida hawezi kumsifu aliyeitatua. Wabulgaria wa wakati ule walikuwa na lugha ya kanisani, Kislavoni cha kale, na lugha ya nyumbani. Katika ile ya kale miisho ya majina hubadilika badilika kwa kazi yake katika sentensi. Lugha ya nyumbani ilikuwa imeacha karibu mabadiliko hayo yote, na badala yake imebandika silabi ndogo mwisho wa jina kuonyesha kwamba kitu kinajulikana. Kwa mfano, “kniga” ni kitabu chochote, na “knigata” ni kitabu kile tukijuacho. Basi mwenye kutafsiri alisimama njia panda: aandike kama mapadre wasomavyo madhabahuni, au kama mama asemavyo na mwanawe? Tena, akiifuata lugha ya nyumbani, nyumba ipi? Watu wa mashariki hawasemi sawasawa na watu wa magharibi. Tafsiri ya Neofit ilielemea magharibi, na katika mambo mengi ilikifuata Kislavoni. Kamati ya Constantinople iliichagua lugha ya nyumbani, na katika nyumba ikaichagua ile ya mashariki, lugha ya Tarnovo.

Sisi tusomao Biblia kwa Kiswahili twajua uzito wa uchaguzi wa namna hiyo, maana hata huku palikuwa na mashindano kati ya Kimvita na Kiunguja. Mgeni aweza kujifunza sarufi ikamwingia barabara. Aweza kujua Kiebrania, kama Riggs alivyokijua, na kumwonyesha mwenzake maana iliyojificha katika neno la nabii. Lakini akifika penye swali, “Neno hili laingiaje katika sikio la bibi kizee wa kijijini?” hapo elimu yake humwishia, na lazima ageuke amtazame mwenyeji. Slaveykov, aliyesikiliza methali vijijini na masokoni, ndiye aliyekuwa na sikio hilo. Bila Riggs, kitabu kingaliweza kupotoka katika maana. Bila Slaveykov na wenzake, kingaliweza kuwa sahihi na kisisomeke.

Yuko atakayetujibu kwa methali yetu wenyewe, kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Atasema kuwa mmoja hana budi kushika usukani, na kuwa huyo alikuwa Riggs, aliyedumu tangu mwanzo hata mwisho hali wengine walikuja na kuondoka. Twakubali, kudumu kwake hakuna awezaye kukukana. Lakini chombo hakiendi kwa nahodha peke yake. Yuko rubani, mzaliwa wa maji yale, ajuaye mwamba uko wapi hata usiku. Nahodha mwenye akili hamwonei rubani haya. Akifika bandarini humtaja jina. Masimulizi yamtajayo nahodha na kumwacha rubani hayamwongezei nahodha heshima. Humfanya aonekane mtu wa miujiza, na mtu wa miujiza hawezi kuigwa na mwalimu wa shule.

Tena twaona hasara nyingine itokanayo na desturi hii. Mwandishi akimfanya mmisionari kuwa mtoaji na taifa kuwa mpokeaji, hupata taabu afikapo mwisho wa habari, kwa sababu hesabu haimfurahishi. Wabulgaria wengi hawakuliacha kanisa lao la Kiorthodoksi. Mwaka 1870 Sultani aliwakubalia kuwa na kanisa lao wenyewe, mbali na maaskofu wa Kigiriki, nao wakashikamana nalo. Waprotestanti wakabaki wachache. Mwandishi wa namna ile ama hulificha jambo hili, ama huwalaumu watu kwa ugumu wa moyo. Sisi twasema hana haja ya kuficha wala kulaumu. Watu walikipokea kitabu na kukifanya chao. Wakati lugha yao ya kuandika ilipokuwa bado haijatulia, Biblia hiyo ilikuwa mojawapo ya nguzo zilizoiimarisha. Na iliwafikia miaka saba kabla hawajapata dola yao mwaka 1878. Jarida la Zornitsa, alilolianzisha Long mwaka 1864 likitoka kila mwezi, lilisomwa na Waorthodoksi wengi bila kuhesabiwa katika daftari la washirika. Je, hiyo si kazi? Mkulima aliyepanda mwembe njiani hawahesabu wapitao wanaokula maembe.

Na yeyote adhaniaye kwamba kuweka Maandiko katika lugha ya nyumbani ni jambo jepesi, na aitazame Athene, mji ule ule ambao Riggs na mkewe waliufikia kwanza. Mwaka 1901, miezi michache baada ya kufa kwake, gazeti moja la Athene lilichapa Injili katika Kigiriki cha watu wa kawaida, tafsiri ya Alexandros Pallis. Wanafunzi wa chuo kikuu wakajaa barabarani kwa hasira, wakiona kwamba lugha takatifu imetukanwa. Watu wanane wakauawa. Katiba ya Ugiriki ya mwaka 1911 ikakataza Maandiko kutafsiriwa bila ruhusa ya kanisa. Basi Wabulgaria na Wagiriki ni jirani, na swali lao lilikuwa moja. Hatudai kwamba sababu ya tofauti ile ni moja tu, maana Wagiriki walikuwa na fahari ya kuwa Agano Jipya liliandikwa kwa lugha ya wazee wao, na Wabulgaria hawakuwa na kizuizi hicho. Lakini twaona pia kwamba kule Constantinople walimu na washairi wa watu wenyewe waliketi mezani tangu mapema. Neno lililopimwa na mwenyeji hupata mlinzi kabla halijatoka nyumbani.

Hukumu yetu basi ni hii. Habari za mzee Riggs na mkewe zastahili kusomwa, tena na tena, na hasa na walimu waliochoka. Lakini zisomwe kwa kalamu mkononi. Mwandishi akisema “alitafsiri,” msomaji aandike pembeni majina ya Neofit, Fotinov, Kostovich, Long na Slaveykov. Akisema “alihama,” aandike pembeni jina la Martha. Hapo kitabu kitakuwa kimekamilika, na mzee mwenyewe hatapungukiwa kitu; ataonekana jinsi alivyokuwa, mtu mwenye subira aliyejua kukaa na watu.

Nao waandishi wetu, maana sasa wako wengi katika shule na makanisa waandikao maisha ya wazee waliotangulia, twawaomba jambo moja. Kabla ya kushika kalamu, nendeni mkaulize: ni nani aliyemfundisha mgeni huyu lugha yetu? Nani alimsahihisha alipokosea? Nani alipika, nani alibeba, nani alikaa na wagonjwa wake? Waulizeni vikongwe wangali hai, maana majina hayo mara nyingi hayamo katika daftari, yamo vifuani mwao. Slaveykov alipoteza maandiko yake mengi mwaka 1877, vita ilipouteketeza mji wa Stara Zagora alimokaa; lakini jina lake halikuteketea, kwa kuwa watu wake walilitunza. Majina ya wasaidizi wa huku kwetu ni nani atakayeyatunza, tusipoyaandika sisi?