Njia ya Mkato Siyo Nyumba

Kitabu huhakikiwa, mchezo wa kuigiza huhakikiwa, hata nyimbo za harusi huhakikiwa. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia mtu akihakiki uso wa kompyuta, ingawa siku hizi wako watu wanaoutazama kwa saa nyingi kuliko wanavyotazama ukurasa wa kitabu. Mimi niliyezeeka katika ualimu hapa Tarime naona kwamba uso huo nao ni kazi ya ubunifu, na unastahili kupimwa.

Asili yake ni meza ya karani. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, ambayo kioo chake kilionyesha karatasi, majalada na kabati kwa vijipicha, ili mfanyakazi wa ofisi ajione yuko mezani pake. Mwaka 1984 Macintosh ikalipeleka wazo hilo kwa watu wengi zaidi. Kisha Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ikaeneza ile iitwayo njia ya mkato: kijipicha chenye mshale mdogo pembeni, ambacho ukikibonyeza mara mbili programu hufunguka bila wewe kuitafuta ilikohifadhiwa.

Sifa zake ni za kweli. Mwalimu anayeandaa mitihani na kujumlisha alama kila siku hana sababu ya kupekua orodha ndefu kila asubuhi. Aweke programu zake mbili tatu mbele, kama vile chaki na daftari la mahudhurio vinavyokaa karibu na mkono.

Kasoro iko katika kufananisha. Anayetoka Tarime kwenda Mugumu kwa gari hupitia Nyamongo. Mwenye miguu huijua pia njia ya ng'ombe ikatayo mashambani. Lakini hapana mwenyeji, hata mtoto, anayeidhania njia kuwa ndiyo nyumba. Kwenye kompyuta, njia na nyumba huvikwa sura moja. Kijipicha cha waraka na kijipicha cha njia ya kuufikia hutofautiana kwa mshale tu, mdogo kiasi cha kumpita mwenye macho mazima.

Nilimshuhudia mwanachuo mmoja wa ualimu akilipa gharama ya kasoro hiyo. Alimaliza mazoezi ya kufundisha wilayani Serengeti, akaja na ripoti yake katika flashi, siku ya mwisho ya kukusanya. Flashi ilipofunguliwa, jina la ripoti lilikuwamo, ripoti haikuwamo. Alikuwa amenakili njia ya mkato. Waraka wenyewe ulibaki katika kompyuta ya shule alikokuwa. Alikopa nauli akarudi kuufuata, na alama za kuchelewa zikakatwa. Wakufunzi walimwita mzembe. Mimi nasema alitenda sawasawa na alivyofundishwa: bonyeza picha. Hakuna aliyemwambia picha inaelekeza wapi.

Wako wanaodhani tatizo ni lugha. Lugha ina uzito wake, nami niliipongeza kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini tafsiri nzuri ya neno haimfundishi mtu kitu ambacho picha imekificha.

Kwa hiyo mpangilio mzuri, kwa maoni yangu, huanza na ujuzi wa mahali. Mwanafunzi afungue kwanza programu kutoka katika orodha yake, na waraka kutoka katika jalada lake, mpaka azoee. Ndipo ajiwekee njia za mkato, zisizidi tano au sita, zile za kazi ya kila siku. Zilizojiweka zenyewe programu zilipoingizwa, azifute bila hofu, maana kufuta njia hakuondoi programu. Na kabla ya kuondoka na flashi, atazame ukubwa: njia ya mkato aghalabu ni kilobaiti moja au mbili tu, hata kama ripoti ina kurasa mia. Kisha aifungue katika kompyuta nyingine.

Uso uliojaa vijipicha thelathini humpendeza mwenyewe kama ukuta wenye picha nyingi. Swali la kumpima nalo ni moja: vikifutika vyote usiku wa leo, kesho ataweza kufika kazini kwake?