Jicho la Mike Rose: namna mwalimu alivyomkwamua mwandishi

Mwaka 1980 Mike Rose, mwalimu wa uandishi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha makala kuhusu wanafunzi 10. Watano walikwama kila walipoketi kuandika insha. Watano waliandika bila taabu kubwa. Ni rahisi kumwita anayekwama mvivu au asiye na kipaji. Rose aliwauliza wote swali jingine: unapoandika, unafuata kanuni gani?

Ikabainika kwamba waliokwama walizitii kanuni kupita kiasi. Mmoja aliamini aya ya kwanza lazima imnase msomaji, basi akabaki hapohapo akifuta na kuanza upya. Mwingine hakuiacha sentensi mpaka aridhike nayo kabisa. Wa tatu alipanga insha fupi kwa siku kadhaa, akajibakizia saa chache tu za kuiandika. Wenzao nao walikuwa na kanuni, ila isiyofaa waliiweka kando. Tiba ikawa wazi: keti na mwanafunzi, itafute kanuni inayomfunga, kisha ilegeze.

Jicho hilo la kutazama kazi inavyofanyika Rose alilipata mgahawani.

Alizaliwa 1944 Altoona, Pennsylvania, katika familia yenye asili ya Italia, akakulia Los Angeles. Baba yake aliugua, na mama, aliyeacha shule akiwa darasa la saba, akailisha familia kwa kuhudumia wateja mgahawani. Mtoto alikuwa akimtazama: sahani zimepangwa mkono mzima, vikombe viwili vya kahawa mkono wa pili, na kichwani anakumbuka nani kaagiza nini, meza ipi inasubiri, safari ipi ya jikoni imalize mambo matatu kwa pamoja.

Shuleni mambo yalimwendea kombo. Matokeo ya mtihani wake yalichanganywa na ya mwanafunzi mwingine aliyeitwa Rose, akawekwa mkondo wa ufundi uliodharauliwa. Miaka miwili ikapita kabla kosa halijagunduliwa. Mwaka wa mwisho mwalimu wa Kiingereza, Jack MacFarland, alimsomesha vitabu vizito na kumsaidia kuingia Chuo Kikuu cha Loyola.

Ndiyo maana alipopewa darasa la askari waliorudi kutoka Vietnam, wengi wao wakiwa na majeraha ya shule kama yake, hakuanza na orodha ya makosa ya sarufi. Alilijenga somo juu ya hatua nne ambazo kila kozi ya chuo huzidai: kufupisha, kuainisha, kulinganisha na kuchambua. Kila hatua ilifanyiwa mazoezi mpaka ikazoeleka, kisha ikabebeshwa matini ngumu zaidi. Safari hiyo, ya kwake na ya wanafunzi wake, aliisimulia katika Lives on the Boundary, kitabu cha 1989.

Baadaye alirudi pale alipoanzia. Kwa ajili ya The Mind at Work, kilichotoka 2004, aliwafuata mafundi bomba, maseremala, wasusi na wachomeleaji, akachunguza akili inavyofanya kazi mikononi mwao kwa makini yaleyale aliyowapa wanafunzi 10 wa insha. Sura ya wahudumu wa migahawa aliijenga juu ya mahojiano na mama yake, ambaye sasa alimweleza mwanawe, hatua kwa hatua, jinsi alivyozikumbuka oda zile.