Uhakiki wa Waraka wa Linux juu ya Kufunga Saraka

Miongoni mwa nyaraka zinazofuatana na kiini cha Linux umo mmoja mfupi uitwao Directory Locking. Haukuandikwa kwa ajili ya wanalugha, wala hawatazamiwi kuusoma. Hata hivyo nathubutu kuuleta mbele ya wasomaji wa jarida hili. Kwanza, ni mfano adimu wa maandishi ya ufundi yanayothibitisha kauli yake badala ya kuitangaza tu. Pili, kila nilipojaribu kuueleza kwa Kiswahili, maneno tuliyokwisha kuyakubali yalinisaliti.

Kompyuta ya siku hizi ina prosesa nyingi ndani ya chipu moja, na mfumo wa faili huhudumia nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Baadhi ya nyuzi ni za programu za mtumiaji. Nyingine ni za kiini chenyewe, nazo hungoja mpaka kazi itiwe katika foleni, kisha mmoja huichukua na kuitenda. Tangu toleo 2.6.36 la mwaka 2010 vibarua hawa husimamiwa katika makundi yanayogawanywa kwa prosesa. Nasema vibarua kwa makusudi. Wengi watafsiri “wafanyakazi”, lakini mfanyakazi ana ajira yake ya kudumu. Huyu hana ila kipande cha kazi anachokabidhiwa. Asili ya neno kibarua katika pwani yetu, yaani barua ndogo ya kazi ya siku, yaeleza jambo hili barabara.

Neno kufuli ndilo lenye taabu. Kufuli twalijua: hutiwa mlangoni, na asiye na ufunguo hapiti. Wanafunzi wangu, waliposikia kwamba saraka imefungwa kwa kufuli, walidhani habari ni ya siri au ya wezi. Sivyo. Ndani ya kiini, kufuli halimzuii asiyeliomba. Uzi usiofuata kanuni waweza kuibadili saraka iliyoshikwa na mwingine, na hapana mlango utakaoukataza. Nguvu yake yote ni mapatano. Basi hiyo ni zamu, nami ningependelea kusema “kushika zamu”: zamu ya pamoja kwa wanaosoma, na zamu ya pekee kwa anayebadili. Nakiri kwamba “zamu ya pamoja” hukwaruza sikio. Lakini tusiogope kubuni. Dijkstra, alipoieleza semafori katika miaka ya 1960, alitumia herufi mbili za Kiholanzi: V ya verhogen, kuongeza, na P ya prolaag, neno alilolibuni mwenyewe. Herufi hizo zafundishwa mpaka leo kwa watu wasiojua Kiholanzi hata kidogo.

Sasa tuutazame uthibitisho wenyewe. Hatari inayohofiwa ni mkwamo: uzi mmoja umeshika saraka ya kwanza na wangoja ya pili, mwingine umeshika ya pili na wangoja ya kwanza, hapo hapana atakayeondoka. Waraka wajibu kwa kanuni ya nasaba: aliye juu katika ukoo wa saraka hushikwa kwanza, wa chini baadaye. Aliyeshika mjukuu haombi tena babu, basi duara la kungojana halipatikani. Ni hoja safi. Ila kuna tendo moja linaloitikisa, nalo ni kuhamisha saraka kutoka mzazi mmoja kwenda mwingine, kwa sababu hapo nasaba yenyewe hubadilika wakati watu waitegemea. Pengine hata saraka ingeweza kutiwa ndani ya mjukuu wake, ikabaki duara lisilofikiwa kutoka kwenye shina. Kwa hiyo uhamisho wa namna hiyo hushika kwanza zamu moja ya mfumo mzima wa faili.

Hapa nina lawama. Waraka waonyesha usalama, lakini gharama hauipimi. Linux iliwahi kuwa na kufuli moja kuu la kiini kizima, lililoingia na toleo 2.0 mwaka 1996 na kuondolewa kabisa katika 2.6.39 mwaka 2011, kwa kuwa prosesa nyingi zilikuwa zikingojana mlangoni pa mmoja. Zamu ya uhamisho ni mdogo wake. Vivyo hivyo toleo 4.7 la mwaka 2016 liliruhusu nyuzi nyingi kutafuta majina ndani ya saraka moja kwa pamoja, lakini kuunda faili humo kulibaki kwa zamu ya pekee: weka vibarua 60, watapanga foleni. Msomaji anayepanga kazi zake ana haki ya kuambiwa hayo hapo hapo penye kanuni.

Limebaki neno moja. Waraka wasema “ancestor”, ukimkusanya mzazi pamoja na wote walio juu yake. Babu hamwingizi mzazi. Wahenga ni watu wa methali. Nilidhani “mtangulizi” latosha, mpaka nilipokumbuka kwamba saraka kuukuu yaweza kuhamishiwa ndani ya saraka iliyoundwa leo asubuhi. Aliye juu si lazima awe ametangulia kuzaliwa. Tafsiri yangu imesimama hapo, nami nitamshukuru atakayeniletea neno.