Mizani ya Kuchagulia Nyimbo Bora za Dansi

Kila inapoandikwa orodha ya nyimbo bora za dansi za Afrika Mashariki, zile za tangu 1960 hata 1979, "Malaika" hutajwa miongoni mwa za kwanza, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba umeimbwa ulimwenguni kote. Ni kweli kuwa baada ya Fadhili William kuutia katika santuri mjini Nairobi, Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika santuri yao ya 1965, na kundi la Boney M. likaurudia 1981. Lakini sifa hiyo ni ya safari zake, si ya wimbo wenyewe. Wengi waliousifu ng'ambo hawakujua maana ya maneno yake. Haitupasi sisi tulio wachunguzi wa lugha kupima wimbo wa Kiswahili kwa sikio la asiyejua Kiswahili.

Hapana shaka "Malaika" unastahili nafasi yake, ila kwa sababu nyingine. Kisa chake ni cha kijana ampendaye msichana na hana mali ya kumwolea. Mtunzi mwingine angekifumba kisa hicho, au angekigeuza kuwa mashtaka juu ya mahari. Huu umetumia maneno ya kila siku, ukamwachia msikilizaji auone umaskini mwenyewe. Huo ndio ustadi wake.

Basi mizani ninayoipendekeza ni hii: Kiswahili kimefanya kazi gani ndani ya wimbo? Yapo mambo mawili ya kutazama.

La kwanza ni mkazo. Katika lugha yetu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Watunzi wa dansi waliipokea midundo ya Kuba, ambayo haikuumbwa kwa ajili ya maneno yetu. Mtunzi dhaifu huyasukuma maneno mpaka mkazo ukae mahali pasipo pake, na sikio hukwaruzika hata kama mwenyewe hajui sababu. Tuutazame wimbo wa Salum Abdallah wa Morogoro, kiongozi wa Cuban Marimba, aliyefariki 1965, uitwao "Ngoma Iko Huku". Jina lenyewe lina maneno matatu, kila moja la silabi mbili, na kila moja hubeba mkazo mwanzoni. Laweza kupigiwa ngoma kabla halijatiwa sauti. Tena "iko" na "huku" yapatana katika upatanisho wa mahali. Sarufi na mdundo vimekwenda pamoja.

La pili ni namna wimbo unavyotumia hazina ya semi. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa 1944 akafariki 1979, aliuita wimbo wake mmoja "Jogoo la Shamba". Jina hilo ni nusu ya methali. Nusu ya pili, kwamba haliwiki mjini, huitimiza msikilizaji moyoni mwake. Wengine husema "jogoo wa shamba", kwa kumhesabu katika ngeli ya viumbe. Jina la wimbo limeshika "la". Na kwa wale waliotoka mashambani kutafuta kazi mijini, methali hiyo haikuwa pambo la maneno. Iliwagusa wao wenyewe.

Yumkini mtu atasema kuwa wimbo si shairi, na kwamba maneno yakitengwa na magitaa hupooza. Nakubali. Walakini mkazo hauwezi kupimwa pasipo sauti kusikiwa, kwa hiyo mizani hii haiutengi wimbo na muziki wake. Inachokataa ni muziki kupewa taji peke yake.

Liko jambo zito zaidi. Mwenye kuchagua huchagua katika vilivyosalia tu. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kutia sauti yake katika santuri, na leo sauti yake twaijua kwa zile santuri. Aliyoyaimba barazani bila chombo cha kunasa yamekwenda na wasikilizaji wake. Nyimbo za dansi nazo zilipitia ungo huo huo. Baadhi zilifika kwenye santuri, ambayo upande wake mmoja ulichukua dakika chache tu. Nyingine zilibaki katika kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Na nyingine zilipigwa ukumbini usiku kucha, zisinaswe popote.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana ni upi wa kwanza na upi wa kumi, yafaa maneno ya nyimbo hizo yaandikwe kwa uangalifu, mkazo ukionyeshwa, na wazee waliozicheza waulizwe kuhusu zile ambazo hazikurekodiwa. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na orodha tutakayoiandika bila wao itakuwa orodha ya santuri, si ya nyimbo.