Bambo Lilelile, Swali Jingine

Bambo ni bomba la chuma lililochongoka mbele na kuachwa wazi upande mmoja, mfano wa mwanzi uliopasuliwa. Mkaguzi hulichoma ubavuni mwa gunia, akalizungusha kidogo, punje zikateleza hadi kiganjani. Akishalichomoa, husugua nyuzi za gunia kwa kidole gumba na tundu likajifunga. Kazi nzima haichukui hata muda wa kupiga chafya, na mtu akipita hapo baadaye hawezi kujua gunia lipi lilichomwa na lipi halikuguswa.

Mwaka mmoja nilikaa asubuhi nzima kwenye ghala la nafaka, ambalo sitalitaja, nikiitazama kazi hiyo. Lori lilikuwa na magunia 300 ya mahindi. Mkaguzi alichoma tisa, yote ya mlangoni, yale aliyoyafikia bila kupanda juu ya mzigo. Kanuni inayofuatwa kimataifa kwa nafaka iliyo kwenye magunia si ngumu kukariri: yakiwa 10 au pungufu, choma yote, yakiwa kati ya 10 na 100, choma 10, yakizidi 100, tafuta kipeuo cha pili cha idadi. Kwa magunia 300 jibu ni 18, nayo yachukuliwe popote bila kuchagua, hata yale ya chini katikati ambako hapafikiki mpaka makuli waanze kushusha. Mkaguzi wetu alifanya nusu ya kazi, na nusu hiyo aliifanya mahali ambapo kila mfanyabiashara anajua mahindi mazuri yanapaswa kupangwa.

Na bado, kwa alichokuwa anakitafuta asubuhi ile, hakukosea sana. Alikuwa anapanga daraja.

Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachojulikana kwa namba EAS 2, kina madaraja matatu. Punje zilizovunjika zisizidi asilimia 2 kwa daraja la kwanza, 4 kwa la pili, 6 kwa la tatu. Unyevu usizidi asilimia 13.5 kwa madaraja yote. Kisha zinafuata punje zilizoliwa na wadudu, zilizooza, zilizobadilika rangi, changa, na takataka. Haya yote yana tabia moja: yametapakaa mzigo mzima, na yapo kwa wingi. Kilo moja ya mahindi ina punje zipatazo 2,850, ukichukulia kila punje ina uzito wa gramu 0.35 hivi. Kama mzigo una punje zilizovunjika asilimia 4, kwenye kilo hiyo utazikuta kama 114. Bahati ikusogeze huku au huko, mara nyingi utaangukia kati ya asilimia 3.3 na 4.7. Unaweza kukosea daraja moja pale mpakani mwa madaraja, lakini mzigo wenye asilimia 10 ya punje zilizovunjika hauna pa kujificha. Kilo moja inausema.

Unyevu nao hivyohivyo. Kipima unyevu cha mkononi hutoa jibu ndani ya dakika, na kabla ya vifaa hivyo wazee walikuwa na vyao: kuing'ata punje na kusikiliza inavyolia, au kutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, kutikisa, na kutazama. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 au karibu na hapo, rudisha mahindi juani. Sijaona kifaa cha bei nafuu kuliko hicho.

Ugumu uko kwenye mstari mmoja wa jedwali hilohilo la EAS 2. Chini ya vipimo vya punje na takataka kuna sumukuvu: jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5. Sumu hii hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus, hasa mahindi yanapopigwa na ukame na joto yakiwa bado shambani, au yanapohifadhiwa yakiwa mabichi. Kwenye karatasi mstari huo unafanana na mingine: jina la kasoro upande mmoja, kikomo upande wa pili. Msomaji anaweza kudhani bambo lililopima punje zilizovunjika litaipima na hii. Hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Sehemu 10 kwa bilioni ni mikrogramu 10 kwa kilo. Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walipima mahindi punje mojamoja, wakakuta baadhi zina zaidi ya sehemu 400,000 kwa bilioni. Chukua punje moja ya namna hiyo, ya gramu 0.35. Ndani yake mna mikrogramu 140 za sumu. Itumbukize kwenye kilo 14 za mahindi safi kabisa, uyasage pamoja, na unga wote umefika kikomo. Punje moja kati ya 40,000.

Sasa tubuni mzigo ambao sumu yake yote imo kwenye punje kama hizo, nao umefika kikomo barabara. Gunia la kilo 100 lina punje kama 285,000, na zenye sumu ni 7 tu. Choma bambo mpaka upate kilo moja. Mara 93 kati ya 100 hutapata hata punje moja yenye sumu. Maabara itaandika sifuri, na haitakuwa imedanganya. Zile mara 7 zinazobaki utainasa moja, na kwa kuwa iko ndani ya kilo moja tu, kipimo kitasoma 140, yaani mara 14 ya kikomo. Ongeza sampuli iwe kilo 5: bado mara 70 kati ya 100 unatoka mikono mitupu. Kilo 10: karibu nusu kwa nusu.

Mahindi halisi hayako hivyo kikamilifu. Punje zenye sumu huwa na viwango mbalimbali, nyingine kidogo, nyingine nyingi, kwa hiyo hali huwa nafuu kuliko mfano wangu. Mwelekeo, hata hivyo, ni uleule. Sampuli ndogo mara nyingi itautakasa mzigo mbaya, na mara chache itautisha mno. Ndiyo maana mfanyabiashara anaweza kupeleka mahindi ya ghala moja kwenye maabara mbili akarudi na vyeti vinavyogombana. Wa kwanza kulaumiwa ni mkaguzi, kwamba amekula. Sisemi hakuna wanaokula. Ninachosema ni kwamba vyeti viwili vinaweza kugombana bila mtu yeyote kupokea hata bahasha.

Kenya iliyaona haya kwa uchungu mwaka 2004. Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, 125 wakafa. Wachunguzi walipozunguka masokoni walikusanya sampuli 350 za mahindi na mazao yake. Asilimia 55 zilizidi sehemu 20 kwa bilioni, kikomo cha Kenya cha wakati ule. Asilimia 7 zilizidi 1,000. Soma namba hizo mbili pamoja. Karibu nusu ya mahindi yaliyouzwa kwenye masoko ya eneo la msiba yalikuwa ndani ya kikomo, huku mengine yakikipita mara 50 na zaidi. Debe la muuzaji huyu halikuweza kukueleza lolote kuhusu debe la jirani yake.

Baada ya bambo kuna hatua mbili, nazo zina makosa yake. Kwanza kusaga. Maabara haipimi sampuli nzima. Inachota gramu 25 au 50. Kama sampuli ya kilo 5 haikusagwa yote ikawa laini kama unga wa uji na kuchanganywa vizuri, basi umeirudia bahati nasibu ileile kwa kijiko. Nimewahi kuona sampuli ikimiminwa mezani, ikachotwa kiganja, kiganja hicho ndicho kikasagwa. Jasho lote la kuchoma magunia lilipotelea pale. Hatua ya pili ni kipimo chenyewe, iwe kwa kikaratasi cha haraka au kwa mashine kubwa. Hapo ndipo fedha na mijadala huelekea: mashine gani, ithibati ya nani, mtaalamu amesomea wapi. Lakini Thomas Whitaker, mhandisi aliyefanya kazi na Idara ya Kilimo ya Marekani huko North Carolina, alitumia miongo mingi kuyapima makosa haya moja moja, kwa karanga na kwa mahindi, na jibu lilikuwa lilelile: sehemu kubwa ya kosa huzaliwa kwenye kuchukua sampuli. Mashine ya mamilioni haiwezi kuona punje iliyobaki garini.

Kwa macho haya, tuyarudie ya Machi 2021. Tarehe 5 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikieleza kwamba vipimo vilionyesha sumukuvu iliyozidi viwango salama. Malori yakakwama mipakani. Tarehe 10 zuio likalegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, kila shehena ije na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu iko chini ya 10, na mahali yalikotoka mahindi patajwe. Wengi waliisimulia kama siasa ya majirani, na siasa haikukosekana. Mimi naitazama kama kosa la kipimo lililosahihishwa ndani ya siku tano.

Barua ya kwanza ililijibu swali lisilojibika: je, mahindi ya Tanzania yana sumu? Yapi? Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara, kwa hiyo hofu haikuwa ya kubuni. Lakini nchi hiyohiyo ina nyanda za juu zenye baridi na mabonde yanayokauka kabla mahindi hayajakomaa, na Kenya yenyewe ina Makueni yenye ukame na ina Trans Nzoia yenye baridi. Kinachopimika ni shehena: mahindi haya, kwenye lori hili, yaliyotoka ghala lile. Masharti ya tarehe 10 yaliirudisha kazi mahali pake. Ila cheti chenye namba chini ya 10 kina thamani ya bambo lililoizaa namba hiyo, na mimi ningekuwa mnunuzi ningeuliza kwanza yalichomwa magunia mangapi, zikapatikana kilo ngapi, zikasagwa zote au kiganja.

Kuna jingine lililopita kimya. Lori lenye mahindi ya unyevu wa asilimia 15, likisimama siku kadhaa chini ya turubai juani, ni mahali pazuri sana pa kuotesha kuvu. Cheti kilichoandikwa wiki iliyopita hakijui habari za wiki hii.

Ulaya wamelitatua suala la sampuli kwa mkono mzito. Kwa shehena kubwa ya nafaka, inayozidi tani 50, kanuni yao ya mwaka 2006 ilitaka michoto 100 kutoka sehemu mbalimbali, kila mmoja gramu 100, ipatikane jumla ya kilo 10, kisha isagwe na kuchanganywa. Kwa meli au kwa ghala la serikali hilo linawezekana. Mkulima mwenye magunia manne akiambiwa atoe kilo 10 zisagwe, alipie na kipimo, atayauza mahindi yake njiani usiku kwa mtu asiyeuliza maswali, na hayo hayatapimwa kamwe. Ndiyo maana sioni sababu ya kuliweka bambo mbele ya huyu. Lisubiri ghala la ushirika, ambako mahindi ya wengi yamekusanywa na mzigo una ukubwa unaobeba gharama ya kupimwa sawasawa. Kwa mkulima, kinachofaa ni turubai la kuanikia, chupa ya chumvi, na ungo.

Ungo nausema kwa makusudi. Punje yenye sumu nyingi mara nyingi huwa na alama: imetobolewa na dumuzi, imevunjika, imesinyaa, ina rangi ya ajabu. Si zote, na jicho halitoshi kutoa cheti. Lakini kuchambua kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya sumu kwa kuondoa sehemu ndogo tu ya mahindi, kwa sababu ileile inayolishinda bambo: sumu imejikusanya kwenye punje chache. Na hapo ile mistari ya zamani ya daraja, ya punje zilizooza na zilizoliwa, inapata maana ambayo pengine hata walioiandika kwa ajili ya bei hawakuifikiria.

Lori langu la asubuhi ile lilikataliwa kwa unyevu, asilimia 14.6. Makuli wakalishusha, mahindi yakaanikwa uwanjani juu ya maturubai, na mwenye mzigo akaajiri akina mama wanne wachambue wakati jua likifanya kazi yake. Magunia ya katikati, ambayo hayakuguswa, ndiyo yaliyokuwa na punje nyingi za kijani na nyeusi. Hadi saa kumi jioni ndoo ya lita 20 ilikuwa imejaa robo tatu. Nikamuuliza mama aliyekuwa karibu nami kama zitachomwa moto au zitafukiwa.

Akanicheka. "Zichomwe? Za kuku hizo, mwanangu."