Mchagua Jembe si Mkulima? Uhakiki wa Vifaa na Ubora katika Muziki Unaorekodiwa Nyumbani

Katika kuhakiki nyimbo zetu tumezoea kujadili maneno, maana na sauti ya mwimbaji. Chombo kilichonasa sauti hiyo tunakipita kimya. Kinyume chake, vijana wanaojirekodi nyumbani, wakiwamo wanafunzi wetu, aghalabu huzungumzia chombo tu: mikrofoni ya bei, spika mpya, kompyuta yenye nguvu zaidi. Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: je, kubadili vifaa kwa vilivyo bora zaidi huinua ubora wa kazi? Swali hili si dogo. Fedha zinazotafutwa kwa ajili ya vifaa pengine ndizo zingelipa karo, na wimbo unaosubiri vifaa huenda usipate kuimbwa tena.

Hatuna budi kwanza kutenganisha dhana mbili zinazochanganywa. Kuna usafi wa sauti, ambao hupimika kwa desibeli. Na kuna ubora wa kazi, yaani jinsi wimbo unavyomfikia msikilizaji, maneno yakasikika na hisia ikabaki. Usafi huutumikia ubora, lakini si ubora wenyewe.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Tracey alizoea kutumia mikrofoni moja, akiishika mkononi na kuisogeza kati ya mwimbaji na ala kadiri muziki ulivyodai. Sauti na gitaa vilinaswa pamoja, bila nafasi ya kuvitenganisha baadaye. Hata hivyo, mwaka 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa kina wa gitaa la Bosco, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wamejifunza « Masanga » kwa kuisikiliza rekodi ile. Tusikosee lakini: Tracey alikuwa mtaalamu mwenye mashine za kitaalamu. Mfano huu hauthibitishi kwamba chombo si kitu. Unathibitisha kwamba mkono unaojua mahali pa kuiweka mikrofoni moja hufanya kazi ambayo mikrofoni nyingi zisizo na mwenyewe haziwezi kuifanya.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Mwanzoni mwa 1982 Bruce Springsteen alirekodi nyimbo zake nyumbani, katika jimbo la New Jersey, kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne. Alikusudia ziwe rasimu tu. Alipozirudia studioni pamoja na bendi yake, hakuridhika. Ikatolewa kaseti ile ile, kwa jina la Nebraska. Watetezi wa vifaa duni hupenda kuishia hapo. Wanasahau kwamba kuihamisha kaseti hiyo kwenye santuri kuliwatesa mafundi, kwa sababu ya unyonge wa sauti yake. Kasoro ya chombo haikutoweka. Ililipiwa na ujuzi wa watu wengine.

Basi ni lini chombo kipya huleta tofauti ya kweli? Jibu letu ni hili: pale tu ambapo chombo cha zamani ndicho kilichokuwa kikwazo. Katika kaseti, kila mara mwanamuziki alipounganisha njia zake ili kupata nafasi, mvumo wa utepe uliongezeka. Urekodi wa kidijitali uliondoa adha hiyo, na hapo faida haina ubishi. Lakini mfumo wa biti 16 tayari una upana wa takriban desibeli 96, na ule wa biti 24 hufikia 144 kwa nadharia. Chumba cha kawaida, hata kikiwa kimya, kina kelele yake ya desibeli 30 hivi au zaidi. Biti 24 humpa mwenye kurekodi nafasi ya kutokosea kipimo. Kelele ya chumba haziiondoi.

Zaidi ya hapo, chombo bora kinaweza kuharibu. Mikrofoni nyepesi kusikia, ikiwekwa katika chumba cha saruji tupu chini ya bati, hunasa mwangwi wa kuta, jenereta ya jirani na kuku wa uani kwa uaminifu uleule inaounasa wimbo. Kwa upande mwingine, kupunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na mikrofoni huongeza sauti ya moja kwa moja kwa desibeli 6 hivi, huku mwangwi ukibaki karibu palepale. Hatua hiyo haina gharama. Mapazia mazito, godoro lililosimamishwa ukutani, na saa ya usiku iliyochaguliwa vyema hufuata kwa gharama ndogo.

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni kweli kwa nusu. Jembe lililovunjika mpini halilimi, na hakuna busara ya kumlaumu mkulima. Lakini anayebadili jembe kila msimu, ilhali shamba hajalisafisha, atavuna magugu.

Kwetu sisi wa taaluma ya Kiswahili, kipimo kinapaswa kuwa wazi zaidi: je, neno linasikika? Kama msikilizaji hawezi kutofautisha silabi za mwimbaji wa Kiswahili cha Katanga, chombo kibadilishwe, na idara isaidie. Kama zinasikika, fedha ziende kwingine: kwenye nakala ya pili ya rekodi, kwenye kuandika maneno, jina la mwimbaji, mahali na tarehe. Bosco alifariki mwaka 1990. Wenzake wa rika lake hawatatungoja tumalize kuchagua mikrofoni.